Gari Litadumu, Skrini Je?

Gari linaloteremshwa katika bandari ya Malindi, Unguja, au katika bandari ya Dar es Salaam, aghalabu huwa limekwisha kutumika huko Japani kwa miaka minane, kumi au zaidi. Kwa mwenyewe wa kwanza gari hilo limemaliza kazi yake. Kwetu sisi ndiyo kwanza linaanza. Litabeba abiria, mchele, karafuu, tumbaku na wagonjwa kwa miaka mingine kumi na mitano, pengine ishirini. Uhai huo wa pili hautoki kiwandani. Hutoka katika mikono ya fundi wa gereji, mwenye spana zake, kipimo chake cha umeme na subira yake.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo linahusu uhai huo wa pili. Katika magari yanayoundwa siku hizi, ile dashibodi ya mishale na swichi inaondoka, na mahali pake pameshikwa na skrini, yaani kioo cha umeme kinachoonyesha maandishi na picha na kuamrishwa kwa kidole. Hapo mwanzo skrini ilikuwa pambo la mwenye nacho. Leo ndani yake mna redio, ramani, kamera ya nyuma na kipozahewa, na katika magari mengine mna hata kipimo cha mwendo na cha mafuta. Swali letu ni moja: skrini hiyo ikizimika gari likiwa na umri wa miaka kumi na mitano, ni nani atakayeitengeneza, kwa vipuri gani, na kwa ruhusa ya nani?

Ushetu inatuhusu nini?

Msomaji wa Mkunazini au wa Chake Chake pengine atashangaa tukimwambia kwamba swali hili hulipimi vizuri mpaka ufike Ushetu. Ushetu ni halmashauri iliyomo katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, na makao yake makuu yako Nyamilangano. Wananchi wake ni wakulima wa tumbaku, pamba, mahindi na mpunga. Jirani yake uko ukanda wa dhahabu: mgodi wa Bulyanhulu, mgodi wa Buzwagi uliokoma kuzalisha mwaka 2021, na mbele zaidi mgodi mkubwa wa Geita ulioanza kazi mwaka 2000, pamoja na machimbo mengi ya wachimbaji wadogo.

Huko ndiko magari yetu yanakomalizia umri wao. Noah na Probox zilizokwisha kuhudumu mijini huishia katika njia za udongo za vijijini, zikibeba watu, magunia na mbuzi pamoja. Barabara nyingi za vijiji hivyo hazina lami. Wakati wa kiangazi vumbi laini huingia kila penye upenyo, na gari lililoegeshwa juani hupata joto linalopita nyuzi 60 juu ya dashibodi yake. Visiwani adui ni mwingine lakini kazi yake ni ile ile: hewa ya chumvi na unyevu hula viungio vya shaba na kuzitia kutu nyaya nyembamba. Basi Ushetu na Visiwa ni ndugu katika jambo hili. Chombo kinachotengenezeka Ushetu, mbali na maduka makubwa ya vipuri, kitatengenezeka popote katika Jamhuri ya Muungano; na kisichotengenezeka huko, wenzetu wa Micheweni na Makunduchi nao watakihangaikia.

Redio ya jana

Ili tuelewe kilichobadilika, tuitazame redio ya gari ya miaka ya nyuma. Wajerumani waliiwekea kipimo maalumu, na baadaye kipimo hicho kikawa cha kimataifa: tundu la upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Redio yoyote ya kipimo hicho iliingia katika gari lolote lenye tundu hilo. Ikifa, fundi aliichomoa, akaunga nyaya za nyingine, na mwenye gari akaondoka. Injini haikujua kama redio imekufa, wala breki hazikujua. Huo ulikuwa utaratibu wa busara, kwa sababu kifaa chenye maisha mafupi kilitenganishwa na chombo chenye maisha marefu.

Skrini nayo si jambo la juzi. Mwaka 1981 kampuni ya Honda ilitoa chombo cha kumwonyesha dereva njia, na mwaka 1986 gari la Kimarekani, Buick Riviera, lilitoka na skrini ya kugusa. Lakini kwa miaka mingi skrini hizo zilikuwa chache, na gari liliweza kuendelea na kazi pasipo hizo. Mabadiliko makubwa ni ya miaka hii ya karibuni, pale waundaji walipogundua kwamba skrini moja yenye programu ni nafuu kwao kuliko kutengeneza swichi ishirini, kila moja na waya wake. Ndipo wakaanza kuifinyanga skrini kwa umbo la dashibodi ya gari lile tu, na kuipa kazi zisizo za redio. Faida ya kupunguza swichi ni yao. Gharama ya kuitengeneza skrini baada ya miaka kumi na mitano wametuachia sisi.

Kufuli lililoachwa Japani

Tayari wananchi wetu wameionja hali hiyo. Redio nyingi za magari kutoka Japani ziliundwa kwa masafa ya huko, ya kuanzia megahezi 76 mpaka 90, na kwa zile za karibuni 95. Redio zetu hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108. Ndiyo sababu mwenye gari jipya kwake huzunguka katika stesheni mbili tatu na kudhani redio ni mbovu, kumbe ni nzima ila imezaliwa kwa hewa nyingine. Fundi humwekea kifaa cha kubadilisha masafa, na shida hiyo hupungua.

Shida iliyo nzito zaidi ni ya skrini zenye ramani. Maandishi yake ni ya Kijapani, na ramani iliyomo ni ya Tokyo na Osaka, haina msaada kwa anayetafuta njia ya Bulungwa. Tena baadhi yake hutegemea kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofungamanishwa na skrini ile ile. Kadi ikiwa imechomolewa kabla gari halijapakiwa melini, au betri ikitolewa kwa ajili ya matengenezo ya kawaida, skrini hujifunga na kudai namba ya siri. Namba hiyo haimo katika kitabu cha gari, wala muuzaji hanayo. Mafundi wetu wamejifunza njia za kuitafuta, na mara nyingine hufanikiwa. Wanaposhindwa, mwenye gari huambiwa atupe chombo kizima na kununua kingine cha bei ndogo kutoka China.

Tuliangalie jambo hilo kwa makini. Chombo hakikuungua wala hakikuvunjika, kila waya wake ni mzima, lakini mwenye gari aliyelilipia ushuru na kodi zote hana amri juu yake. Maadamu iliyofungwa ni redio, hasara yake ni ukosefu wa muziki na habari. Kipozahewa, kamera na kipimo cha mwendo vikiwa nyuma ya kufuli la namna hiyo, hasara itakuwa gari zima.

Skrini hufaje?

Yafaa tueleze, kwa faida ya watendaji wetu wanaoidhinisha ununuzi, kwamba skrini si kitu kimoja. Juu kabisa kuna kioo cha kuguswa. Chini yake kuna tabaka la picha, na nyuma ya tabaka hilo kuna taa ndogo za kuliangaza. Kisha kuna waya bapa unaounganisha tabaka hizo na bodi ya saketi. Na juu ya bodi kuna chipu, mojawapo ikiwa ya kumbukumbu, inayohifadhi programu. Kioo cha kuguswa hupasuka au hupoteza hisia. Taa hufifia. Waya bapa huachia kwa mtikisiko. Maradhi hayo yote yana dawa, kwa fundi mwenye mkono mwepesi na kipuri kinachofaa.

Chipu ya kumbukumbu ina kasoro nyingine. Kila inapoandikwa huchakaa kidogo, kama ubao wa shule unavyochakaa kwa kufutwa, na ina idadi ya maandiko isiyoweza kuipita. Ushahidi wa jambo hili umetoka katika nchi tajiri. Mwezi Februari 2021 kampuni ya Tesla ya Marekani, baada ya kutakiwa na idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo, iliyaita magari yake yapata 135,000 ya aina ya Model S na Model X. Chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 ilikuwa ikichakaa baada ya miaka mitano au sita. Ilipokufa, skrini kubwa ya katikati ilizimika, na pamoja nayo kamera ya nyuma na amri za kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Gari la thamani kubwa liliangushwa na kijichipu kisichozidi ukucha wa kidole.

Kisa hicho kina upande wa pili ambao ni wa faraja. Kabla kampuni haijayaita magari hayo, mafundi binafsi huko Marekani walikuwa wamekwisha kuing'oa chipu iliyochakaa na kutia nyingine yenye nafasi kubwa zaidi. Ugonjwa ulikuwa unatibika. Kilichohitajika ni ujuzi, kipuri na kuufikia undani wa programu.

Na kampuni yenyewe ikifa? Mwezi Juni 2024 kampuni ya Fisker, iliyounda gari la umeme liitwalo Ocean, iliomba hifadhi ya mufilisi. Wenye magari hayo walilazimika kujiunga katika umoja wao ili watafute namna ya kuyatunza na kupata programu zake. Kampuni za zamani zilipokufa ziliacha vyuma, na chuma huchongeka. Kampuni ya leo ikifa, programu na namba zake za siri zaweza kuzikwa nayo.

Wimbi liko njiani

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye magari ya kifahari, na kwamba Ushetu ina matatizo makubwa kuliko skrini. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama wimbi lisingekuwa linakuja. Tangu Mei 2018 sheria ya Marekani inalitaka kila gari dogo jipya liwe na kamera ya nyuma na mahali pa kuonyeshea picha yake. Japani nayo iliweka sharti la kamera au vihisio vya nyuma kwa miundo mipya kuanzia Mei 2022. Mtu na ahesabu mwenyewe: ongeza miaka minane au kumi juu ya tarehe hizo, utapata mwaka ambao magari hayo yatakuwa yakiteremshwa Malindi kama mitumba ya kawaida.

Sera zetu nazo zinaliharakisha wimbi hilo. Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka kumi na mitano. Tanzania imechagua njia ya kumtoza kodi zaidi anayeleta gari kuukuu. Shabaha ya sera hizo ni njema, kwani moshi wa magari chakavu unaumiza mapafu ya watoto wetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba asilimia 80 hivi yalikwenda katika nchi zinazoendelea, nyingi ya hizo zikiwa za Afrika. Ni haki kudai magari safi zaidi. Lakini gari jipya zaidi ndilo lenye skrini zaidi, na sera inayopima moshi bila kupima utengenezekaji imeona upande mmoja tu wa jambo.

Wala hatusemi kwamba skrini ni balaa. Kamera ya nyuma humwokoa mtoto anayecheza nyuma ya gari ambaye dereva hawezi kumwona kwa kioo cha pembeni. Ramani nzuri humfikisha mganga kijijini asikopajua. Tunachokikataa ni kuuziwa manufaa hayo ya miaka sita ndani ya chombo tunachokitegemea kwa miaka ishirini, bila njia ya kuyahuisha.

Tusisahau pia jambo la uaminifu. Katika magari ambayo mishale imeondolewa kabisa, hesabu ya kilomita nayo huonekana ndani ya skrini. Fundi anapobadilisha dashibodi iliyokufa kwa nyingine iliyotoka katika gari lililogongwa, mara nyingi hesabu ya gari lile la marehemu huja pamoja nayo. Mnunuzi wa tatu hudanganyika, hata pale ambapo hapakuwa na nia ya kudanganya. Bila utaratibu wa kuandika mabadiliko hayo, soko letu la magari litajaa umri wa uongo.

Mafundi tunao

Hofu tuliyoieleza isigeuke kuwa kukata tamaa. Katika Manispaa ya Kahama, Geita na Katoro, kama ilivyo Darajani na Mlandege, wamo vijana wanaofungua simu kila siku, wakabadilisha kioo cha kuguswa, wakaunga waya bapa, wakapasha moto bodi na kuing'oa chipu yenye ukubwa wa punje ya mtama. Hayo ndiyo maungo ya skrini ya gari. Upande wa pili wa mtaa huo huo yuko fundi rewaya, anayejua umeme wa gari tangu betri mpaka taa ya mwisho. Mafundi hawa wawili hawajakutanishwa. Yule wa simu anaogopa gari, na yule wa gari anaiogopa bodi. Chuo kikiwaweka katika darasa moja kwa miezi michache, tutakuwa na fundi wa aina mpya ambaye wimbi hili halitamtisha.

Taifa hili halijaanza leo kuthubutu katika ufundi. SIDO iliundwa mwaka 1973 ili viwanda vidogo vimee mikoani. Shirika la Nyumbu, Kibaha, lilijaribu katika miaka ya 1980 kuunda lori la Kitanzania. Na fikra ya kujitegemea iliyotangazwa Arusha mwaka 1967, hata kwa wale wanaoitafsiri tofauti leo, ina maana iliyo wazi katika karakana: aliyenunua chombo asichoweza kukitengeneza hajakimiliki sawasawa.

Yapasayo kutendwa

Kwanza, Serikali ianze na magari yake yenyewe. Kila zabuni ya gari la wagonjwa, la ukaguzi wa mashamba au la polisi iulize, pamoja na bei na matumizi ya mafuta, masuala manne: je, gari laweza kuendeshwa kwa usalama skrini ikiwa imezimika? Je, swichi za taa, mashine ya kufutia kioo na upepo wa kuondoa ukungu ziko nje ya skrini? Je, muuzaji atatoa vipuri, michoro na programu kwa miaka isiyopungua kumi na mitano? Je, mafundi wa TEMESA upande wa Bara, na wa karakana za Serikali Visiwani, watapewa mashine ya kusoma hitilafu pamoja na haki ya kuitumia? Asiyejibu ndiyo kwa maandishi asipewe zabuni. Halmashauri kama ya Ushetu haina fedha za kulipeleka gari la wagonjwa Dar es Salaam kwa sababu ya kioo.

Pili, ukaguzi wa magari yaliyotumika upanuliwe. Taasisi ya Viwango Zanzibar na Shirika la Viwango Tanzania zinatazama usalama na ubora wa bidhaa ziingiazo. Ziongeze katika orodha zao kipengele cha skrini: inafanya kazi, haijafungwa kwa namba ya siri, kadi yake ipo, na lugha yake inabadilika. Gharama ya kutazama hayo bandarini ni dakika chache. Gharama ya kuyagundua Nyamilangano ni safari nzima.

Tatu, sheria imlinde fundi asiye wa kampuni. Afrika Kusini imetutangulia: tangu Julai 2021 Tume ya Ushindani ya huko ina mwongozo unaowataka waundaji wa magari kuwafungulia mafundi huru taarifa za ufundi na vifaa vyake. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilipitisha kwa kura ya wananchi haki ya kutengeneza gari mwaka 2012, na mwaka 2020 wakaipanua ifikie taarifa zinazorushwa kwa mawimbi ya simu. Tume zetu za ushindani, ya Bara na ya Zanzibar, hazina sababu ya kusubiri mpaka gereji zetu zifungwe. Tena soko la Afrika Mashariki likinena kwa sauti moja litasikilizwa kuliko visiwa viwili na mikoa ya pembezoni zikinena mbalimbali.

Nne, VETA kwa Bara, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali pamoja na Taasisi ya Karume kwa Visiwani, zifungue somo la umeme mdogo wa magari, na mafundi simu wapewe nafasi humo bila kudaiwa vyeti ambavyo maisha hayakuwapa. Skrini zilizokufa zikusanywe badala ya kuchomwa jalalani, ili maungo yake mazima yawe vipuri na masomo.

Tano, mwananchi naye ana wajibu. Kabla hajalipa, alizungushe gari alilochagua kwa macho ya fundi. Achague, iwezekanapo, lile ambalo redio yake ni ya tundu la kipimo cha kawaida na kipozahewa chake kina vifundo vyake chenyewe. Aizime skrini aone kipi kinabaki. Gari linalobaki na uwezo wa kwenda, kusimama, kuona na kuonekana ndilo la kupeleka shamba. Si aibu kutaka hivyo: hata huko Ulaya taasisi ya Euro NCAP, inayoyapa magari nyota za usalama, kuanzia mwaka 2026 inataka kazi muhimu ziwe na swichi za kushikika ili gari lipate alama zake zote.

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado ni mwembamba, maana magari mengi yaliyoko barabarani kwetu leo yangali na mishale na vifundo. Tuna miaka michache ya kujiandaa, na miaka hiyo imo mikononi mwa watendaji wanaokaa katika kamati za zabuni, ofisi za viwango na bodi za vyuo. Kazi iliyoko mezani pao si kubwa: ni masuala manne katika karatasi ya zabuni, kipengele kimoja katika orodha ya ukaguzi, mwongozo mmoja wa ushindani na darasa moja katika chuo. Vikitendwa sasa, mkulima wa Ushetu na mvuvi wa Mkoani watazidi kuyatumia magari yao mpaka chuma kichoke. Visipotendwa, tutayaona magari yenye injini nzima na magurudumu mazima yamewekwa juu ya mawe, yakingoja kioo.